Haki na Hukumu ya Mungu katika Biblia ya Kiswahili: Historia ya Maneno Machache

1. Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayorudiwarudiwa katika Biblia, tangu kitabu cha Mwanzo hadi Ufunuo, ni machache yaliyoenea kuliko lile la Mungu aliye mwamuzi wa watu na mataifa. Aghalabu jambo hili hujadiliwa na wanatheolojia, nao huliendea kwa njia ya imani. Makala haya yanaliendea kwa njia nyingine, yaani njia ya historia ya maneno. Swali lake ni hili: wasemaji wa Kiswahili walipopewa Biblia katika lugha yao, haki na hukumu ya Mungu vilitiwa katika maneno gani, maneno hayo yalitoka wapi, na msomaji alipata nini au alikosa nini kwayo?

Swali hilo si la udadisi mtupu. Mtu asikiapo kwamba Mungu ataihukumu dunia, moyo wake huelekea ama kwenye hofu ama kwenye matumaini. Mwelekeo huo hauletwi na mafundisho peke yake. Huletwa pia na neno lenyewe, kwa jinsi linavyotumiwa barazani, sokoni na mahakamani. Itaonyeshwa hapa kwamba tafsiri za Kiswahili zilipata faida moja kubwa na hasara moja kubwa. Faida ilitokana na neno haki, ambalo lilihifadhi jambo lililokwisha kufifia katika baadhi ya lugha za Ulaya. Hasara ilitokana na neno hukumu, ambalo lilizidi kubanwa katika maana ya adhabu, hata lile lililokuwa tumaini la maskini likasikika kama tishio kwa kila mtu.

2. Mizizi ya Kiebrania

Katika Agano la Kale kuna maneno mawili ya Kiebrania yaandamanayo kama pacha, nayo ni mishpat na tsedaqah. La kwanza latokana na kitenzi shafat. Kitenzi hiki hutafsiriwa mara nyingi kuwa ni kuhukumu, lakini maana yake ni pana zaidi. Shafat ni kurudisha mambo mahali pake: kusikiliza mashauri, kuyakata, kumtoa mwenye kuonewa mikononi mwa mwonevu, na hata kuongoza watu. Ndiyo sababu wale waitwao Waamuzi hawakuwa watu wa kukaa mahakamani tu. Debora alikaa chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, na watu wakamwendea awakatie mashauri yao. Lakini ndiye pia aliyemhimiza Baraka kwenda vitani. Othnieli aitwa mwokozi kwanza, kisha yasemwa kwamba alikuwa mwamuzi wa Israeli. Kwa fikira za Kiebrania hapana mgongano hapo. Mwenye kuamua ndiye mwenye kuokoa, kwa kuwa hapana uamuzi wa kweli usiomwondolea mtu dhuluma.

Neno la pili, tsedaqah, lahusu unyofu wa mtu katika mafungamano yake. Mwenye sifa hiyo ni yule atimizaye yale ambayo wengine wanamdai kwa haki: jamaa, jirani, mjane, mgeni. Katika Mwanzo 38, Yuda akiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye, ijapokuwa mwenendo wa mwanamke yule ungeweza kulaumiwa na wengi. Sababu ni kwamba Yuda alimnyima mkwewe kile alichostahili kupata kwa desturi, naye Tamari akakitafuta. Tsedaqah, basi, haipimwi kwa usafi wa mtu akiwa peke yake. Hupimwa kwa deni lililopo baina ya watu.

Maneno haya mawili yapata nguvu zake zote katika vinywa vya manabii. Amosi alikuwa mtu wa Tekoa katika nchi ya Yuda, naye alitabiri katika ufalme wa kaskazini wakati wa Yeroboamu wa Pili, katikati ya karne ya 8 kabla ya Kristo. Wakati huo matajiri walijenga nyumba za mawe yaliyochongwa, na maskini waliuzwa kwa bei ya jozi moja ya viatu. Mashauri yalikatwa langoni mwa mji, na hapo hapo langoni rushwa ilipokewa. Amosi hakuishambulia dini kwa kuwa watu hawakusali; alisema kwamba sadaka na nyimbo zao zilikuwa chukizo kwa sababu mishpat na tsedaqah hazikutiririka kama maji. Watu waliitamani siku ya Bwana wakidhani itakuwa siku ya kushindwa kwa adui zao. Nabii aliwaambia kwamba itakuwa giza, kwani wadhalimu walikuwa ni wao wenyewe.

Jambo hilo hilo laonekana katika habari za Nabothi, 1 Wafalme 21. Nabothi hakuporwa shamba lake la mizabibu gizani. Aliporwa mahakamani, mbele ya wazee, kwa ushahidi wa watu wawili walionunuliwa. Sheria zote za mwenendo wa shauri zilifuatwa, mtu asiye na hatia akapigwa mawe. Ndipo Eliya akatumwa. Mafundisho ya kisa hicho ni kwamba hukumu ya Mungu haiji kuthibitisha hukumu za wakubwa, bali huja kuzichunguza. Kwa hiyo katika Zaburi ya 98 mito yapiga makofi na milima yaimba kwa furaha kwa kuwa Bwana anakuja kuihukumu nchi. Mtunzi wa zaburi hiyo hakuona ajabu yoyote katika kufurahia hukumu. Kwake yeye, hukumu ilikuwa ni siku ya aliyeonewa kusikilizwa.

3. Lugha ya Pwani Kabla ya Wafasiri

Wafasiri wa Biblia hawakuikuta lugha iliyo tupu. Kwa karne nyingi Waswahili walikuwa wamezungumza juu ya hukumu ya Mungu kwa istilahi zilizokomaa, nazo nyingi zilitokana na Kiarabu kwa njia ya Uislamu. Haki yatokana na shina lenye maana ya ukweli, na pia kile ambacho mtu anastahili. Hukumu yatokana na shina lililozaa pia hakimu, mahakama na hekima. Dhuluma na dhalimu ni ndugu. Adili na uadilifu vivyo hivyo. Kiyama yatokana na shina la kusimama, kwa kuwa siku hiyo wafu watasimama. Jehanamu ni neno lenye safari ndefu zaidi: lilianza kuwa jina la bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu, likaingia katika Kiyunani na Kiarabu, kisha likafika pwani. Wafasiri wa Kikristo walipolitumia, walikuwa wakilirudisha kwa jamaa zake.

Pamoja na maneno hayo ya kigeni yalikuwapo ya Kibantu. Kuzimu latokana na shina lile lile la mizimu, nalo lilitaja makao ya wafu kabla ya habari za moto na mizani kufika. Kuamua ni kutenganisha wagombanao na kukata neno kati yao. Ni kazi ya mzee aaminiwaye na pande zote mbili. Hivyo lugha ilikuwa na ngazi mbili za haki: ile ya mzee aamuaye, na ile ya kadhi ahukumuye kwa kitabu.

Katika ushairi, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, yatoka katika magofu ya nyumba za wakuu na kufika katika siku ya mwisho, ambapo waliodhulumiwa wawadai waliowadhulumu mbele ya Mungu. Tunzo hilo laonyesha kwamba katika fikira za pwani siku ya kiyama haikuwa siku ya adhabu tu. Ilikuwa pia siku ya madai. Methali nazo zashuhudia vivyo hivyo. Wasemao kwamba Mungu si Athumani hawatishi mtu. Wamfariji aliyeonewa, kwamba yuko Mwamuzi asiyependelea. Na methali isemayo kwamba malipo ni duniani, akhera ni hesabu, yatenganisha mambo mawili: kulipwa kwa kitendo, na kuhesabiwa kwa matendo yote. Neno hilo la hesabu litarejewa hapa chini, maana lilikuja kuchukua mzigo ambao hakuna aliyeutazamia.

4. Krapf, Steere na Wasaidizi Wao

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Juni mwaka huo huo alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohiddin. Sura tatu za kwanza za kitabu hicho zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la Jumuiya ya Mashariki ya nchi hiyo. Jambo hili lastahili kuzingatiwa na kila mwenye kuchunguza historia ya istilahi za haki katika Kiswahili. Sura ya tatu ya Mwanzo ndiyo habari ya shauri la kwanza katika Biblia: Mungu amwita mtu, amwuliza yuko wapi, ampa nafasi ya kujieleza, awasikiliza mwanamume na mwanamke, kisha akata neno, na baada ya kukata neno awavika mavazi ya ngozi. Basi shauri la kwanza la Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili lilitokana na kazi iliyosaidiwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusikiliza mashauri. Tangu mwanzo, lugha ya Biblia ya Kiswahili ilikuwa na uhusiano na baraza la kadhi.

Unguja ilikuwa na habari zake. Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu alifika huko mwaka 1864, akatoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, akawa askofu mwaka 1874, akafariki mwaka 1882. Agano Jipya zima la Kiunguja lilitoka mwaka 1883 na Biblia nzima mwaka 1891. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na mwisho wa mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa mahali pale pale palipokuwa soko. Wasikilizaji wa kwanza wa tafsiri hiyo wengi wao walikuwa watu waliotolewa majahazini, wakalelewa Kiungani na Mbweni. Upande wa Mombasa, kijiji cha Frere Town kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo.

Kwa watu hawa, habari za nabii aliyewashutumu wauzaji wa maskini hazikuwa habari za kale. Wao wenyewe walikuwa wameuzwa. Yafaa kukumbuka hivyo kila inapotajwa athari ya maneno haki na hukumu katika Kiswahili cha Kikristo. Kundi la kwanza lililoyapokea lilikuwa na sababu ya kuyasikia kwa masikio ya Amosi, yaani kuisikia hukumu kuwa ni ukombozi.

Tafsiri ya Kimvita ilifuata, Agano Jipya mwaka 1909 na Biblia nzima mwaka 1914. Kati ya waliofanya kazi katika lahaja hiyo alikuwako W. E. Taylor, ambaye ujuzi wake wa methali na mashairi ya pwani ulitokana kwa kiasi kikubwa na mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa. Tafsiri za Unguja na za Mvita zilipishana katika mengi ya lahaja, lakini katika istilahi za haki zilitegemea hazina ile ile ya pwani.

5. Jaribio la Roehl

Mjerumani Karl Roehl alishika njia nyingine. Akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Nia yake ilikuwa kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa hoja kwamba wasomaji wa bara hawakuyaelewa, na kwamba maneno hayo yalibeba ndani yake mafundisho ya dini nyingine. Mwaka 1930 na 1931 yeye na G. W. Broomfield wa Unguja walijibizana juu ya jambo hilo katika jarida la Africa la London. Broomfield alishikilia kwamba maneno yale yalikwisha kuwa ya Kiswahili, na kwamba asili ya neno siyo maana yake.

Kwa mintarafu ya mada hii, mfano ulio bora ni neno wongofu, ambalo Roehl alilitumia mahali ambapo wengine waliandika haki. Uteuzi huo haukuwa wa ovyo. Wongofu watokana na shina la kuongoka na kuongoza, nao wachora picha ya njia iliyonyoka, ambayo ni picha ya Kiebrania pia. Lakini kuna kilichopotea. Wongofu ni sifa ya mtu mwenyewe. Humkalia yeye na mwenendo wake. Haki humhusu mtu na mwenzake. Mtu hawezi kumdai jirani yake wongofu, ila aweza kumdai haki. Mjane aliyenyimwa shamba la mumewe hakunyimwa wongofu. Amenyimwa haki yake. Kwa kuliondoa neno haki, Roehl aliondoa kamba iliyoifunga ibada na mahakama, nayo ndiyo kamba ambayo manabii waliishika siku zote.

Hapa ndipo ionekanapo ile faida iliyotajwa katika utangulizi. Katika Kiingereza, kwa mfano, neno moja hutumika kwa unyofu wa mtu mbele ya Mungu na neno jingine, lisilo na uhusiano nalo kwa sauti wala kwa shina, hutumika kwa mambo ya sheria na mahakama. Msomaji wa lugha hiyo aweza kusoma juu ya unyofu maisha yake yote bila kukumbuka mahakama. Msomaji wa Kiswahili hawezi. Heri wenye njaa na kiu ya haki, asikiapo maneno kama hayo, lazima awakumbuke pia wale waliodhulumiwa mashamba, mishahara na urithi. Neno limemlazimisha.

6. Tafsiri ya Muungano na Mzigo wa Neno Hukumu

Baada ya lahaja ya Unguja kuchaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haja ya Biblia moja ilizidi kuonekana. Agano Jipya la tafsiri ya Muungano lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Hiyo ndiyo iliyosomwa na vizazi vya Wakristo wa Kenya na Tanganyika, na ndiyo iliyoathiri zaidi Kiswahili cha mimbarini.

Katika tafsiri hiyo, kwa kawaida tsedaqah ni haki na mishpat ni hukumu. Mpango huo ni nadhifu, wala hauna kosa kwa upande wa asili za maneno. Tatizo ni la matumizi. Kadiri mahakama za serikali zilivyoenea, neno hukumu lilizidi kusikika likiambatana na kifungo, faini na kitanzi. Mtu akisemwa kwamba amehukumiwa, hapana aulizaye kama ameshinda au ameshindwa. Inajulikana kwamba amepatikana na hatia. Katika kauli ya kutendwa, kitenzi hiki kimekwisha kuegemea upande mmoja. Ndiyo sababu msomaji wa leo hushangaa asomapo kwamba mito yapiga makofi kwa ajili ya hukumu. Nani ashangiliaye kuhukumiwa?

Dalili zipo kwamba wafasiri wenyewe waliuona upungufu huo. Katika Isaya 5:7 nabii ametumia mchezo wa maneno: Mungu alitazamia mishpat akaona mispah, yaani dhuluma, alitazamia tsedaqah akasikia tse'aqah, yaani kilio. Mchezo huo wa sauti hauwezi kuhamishwa. Lakini jambo lenye kufundisha zaidi ni kwamba tafsiri ya Muungano, mahali hapo, haikuridhika na neno hukumu peke yake. Ilisema hukumu ya haki. Nyongeza hiyo yakiri kwamba hukumu bila kifuasi ingeweza kueleweka kuwa jambo lisilotamaniwa. Katika Kiebrania nyongeza haikuhitajika, kwa kuwa haki ilikuwa ndani ya mishpat yenyewe.

Mfano mwingine ni Luka 18, habari ya mjane na mwamuzi asiyemcha Mungu. Tafsiri ya Muungano ilimwita mwamuzi huyo kadhi, na kadhi dhalimu. Kwa upande mmoja neno hilo lilikuwa na uhai mwingi kwa watu wa pwani, maana walimjua kadhi na baraza lake. Kwa upande mwingine lilimtwika afisa wa jumuiya moja ya dini lawama ambayo katika Kiyunani haikumlenga yeye, bali mwamuzi yeyote wa mji. Nchini Kenya, ambapo mahakama za makadhi zimetambuliwa katika katiba tangu uhuru na kuthibitishwa tena katika katiba ya mwaka 2010, tofauti hiyo si ndogo. Pamoja na hayo, kiini cha kisa chabaki: mjane hakuja kuomba adui yake aadhibiwe, alikuja kuomba apatiwe haki yake. Yesu aufanya uvumilivu wa mwanamke huyo kuwa mfano wa sala, na hukumu ya Mungu kuwa jibu la sala hiyo.

Lipo pia neno bagua. Katika Mathayo 25 Mwana wa Adamu, katika tafsiri ya Muungano, awabagua watu kama mchungaji abaguavyo kondoo na mbuzi. Neno hilo lilifaa mno, kwa kuwa katika Kiyunani kuhukumu kwenyewe kuna asili ya kutenganisha, na wafugaji wa Afrika Mashariki wajua jinsi kondoo na mbuzi wa nchi za joto wanavyofanana kwa mbali. Lakini katika miongo iliyofuata, neno ubaguzi lilitwaliwa na siasa. Lilitumika kutaja dhuluma ya rangi, hasa siasa za Afrika Kusini hadi zilipokomeshwa mwaka 1994. Hivyo kitenzi kilichotaja kazi ya mwamuzi mwenye haki kikawa jina la dhambi ambayo mwamuzi huyo angeihukumu. Historia ya neno hili yaonyesha kwamba mfasiri aweza kuchagua vema kabisa, na bado wakati ukampokonya neno lake.

7. Kuhesabiwa Haki

Katika nyaraka za Paulo jambo hili lageuka sura. Kwa Warumi, Mtume afundisha kwamba Mungu amtangaza mwenye dhambi kuwa ana haki kwa njia ya imani. Ili kulieleza, ashika kisa cha Abrahamu katika Mwanzo 15:6, ambapo imani ya mzee huyo ilihesabiwa kwake kuwa ni tsedaqah. Kitenzi cha Kiyunani alichokitumia kilikuwa cha kawaida katika daftari za biashara, nacho kina maana ya kuhesabu na kuandikia mtu katika hesabu yake. Tafsiri ya Muungano ilisema kuhesabiwa haki.

Kwa sikio la pwani, maneno hayo mawili yalikuwa na mshindo usiopatikana katika lugha nyingi. Msikilizaji aliyelelewa katika usemi wa kwamba akhera ni hesabu alijua vema maana ya kuhesabiwa: ni matendo kuwekwa mizanini, mema kwa maovu. Sasa aambiwa kwamba hesabu imefanywa, na jumla iliyoandikwa ni haki, wala siyo kwa matendo yake. Akubali au akatae, hawezi kusema kwamba hakuelewa uzito wa dai hilo. Neno lililokomaa katika Uislamu wa pwani ndilo lililoifanya hoja ya Paulo ieleweke kuwa ni ya kushtusha, kama ilivyowashtusha wasomaji wake wa kwanza. Hapo hoja ya Roehl, kwamba maneno ya asili ya Kiarabu yangeficha mafundisho ya Kikristo, yapata jibu lililo bora kuliko yote: mahali hapa hayakuyaficha, yaliyanoa.

Shina la tsedaqah lenyewe lina ndugu wawili katika Kiswahili, nao ni sadaka na kusadiki, waliopita katika Kiarabu. Wafasiri walilitumia neno sadaka kwa dhabihu na matoleo. Kwa hiyo katika Amosi 5 ya Kiswahili nabii akataa sadaka na kudai haki, hali katika Kiebrania kile anachokidai ndicho chenye udugu na neno sadaka. Wayahudi wa zama za baadaye waliliita toleo la maskini kwa neno lile lile tsedaqah, kwa kuwa waliona kwamba kumpa maskini si hisani bali ni kulipa deni. Msemaji wa Kiswahili asemaye kwamba ametoa sadaka anatumia, pasipo kujua, neno la ukoo wa haki.

8. Kutoka Hukumu hadi Uadilifu

Katika miaka ya 1990 ilitoka Biblia Habari Njema, baada ya Agano Jipya lake kutangulia katika miaka ya 1970. Wafasiri wake walilenga Kiswahili cha watu wa kawaida, na badiliko lililofanyika katika istilahi za haki ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika Amosi 5:24, mahali ambapo tafsiri ya Muungano iliandika hukumu, Habari Njema imeandika haki. Na mahali ambapo ile ya kwanza iliandika haki, hii imeandika uadilifu. Kadhi wa Luka 18 amekuwa hakimu. Na palipokuwa na kuhesabiwa haki, sasa pana kukubaliwa kuwa mwadilifu.

Badiliko la kwanza lapaswa kusifiwa. Kwa kulipeleka neno haki mahali pa mishpat, wafasiri waliiondoa ile hofu isiyokuwamo katika maneno ya nabii, na msomaji asikia kile alichosikia maskini wa Samaria. Lakini mambo mengine yalilipiwa. Uadilifu ni neno safi, ila limeelekea upande ule ule wa wongofu: ni sifa ya mtu, siyo dai la mwenzake. Na kukubaliwa kuwa mwadilifu kwaeleweka upesi, lakini hakuna tena ile sauti ya daftari na mizani. Hesabu imeondoka, na pamoja nayo mshtuko. Mchanganuo huu hauonyeshi kwamba tafsiri moja ni bora kuliko nyingine kwa jumla. Waonyesha kwamba Kiswahili hakikupata kamwe neno moja la kubeba mishpat nzima, na kwamba kila kizazi cha wafasiri kimelazimika kuchagua ni upande upi uachwe.

9. Hitimisho

Kuna neno ambalo limekaa karibu muda wote huu bila kupewa kazi kubwa, nalo ni kuamua. Limebaki katika jina la kitabu cha Waamuzi na mahali pachache penginepo. Hali ndilo linalomchora mtu aliyeketi kati ya wawili, awasikilizaye wote, amtenganishaye mwonewa na mwonevu, na ambaye neno lake laweza kumpendeza mmoja na kumwaibisha mwingine bila kuegemea upande kabla ya shauri kusikilizwa. Hata katika michezo ya siku hizi mwamuzi ni yule asiye na timu. Wahubiri na wafasiri wa baadaye wangeweza kulijaribu zaidi, si kwa nia ya Roehl ya kuyafukuza maneno mengine, bali kwa nia ya kuisaidia hukumu irudishiwe nusu yake iliyopotea.

Kwa wanafunzi wa lugha, fundisho ni la jumla zaidi. Istilahi za dini hazikai mbinguni. Haki ya Mungu katika Kiswahili ilitamkwa kwa neno la wadai na wadaiwa. Hukumu yake kwa neno la mahakama. Hesabu yake kwa neno la wafanya biashara na la waumini wa Kiislamu. Kutenganisha kwake kwa neno la wachungaji. Mahakama zikiwa za haki, neno hukumu laweza kupona. Zikiwa za rushwa, hata mahubiri mazuri hayataliponya. Amosi alilijua hilo alipouelekeza ujumbe wake langoni mwa mji, mahali mashauri yalipokatwa. Na yule mjane wa Luka, awe amesimama mbele ya kadhi au mbele ya hakimu, katika tafsiri zote mbili bado anaomba jambo lile lile.